Kitufe cha Vepu ya Kaka Omwenga

Ijumaa jioni, Sabato imeshaingia

Kimeachia, asante Mungu. Wiki nzima kitufe cha vepu ya Kaka Omwenga, ile sigara yake ya umeme, kilikuwa kinakwama, betri inachemka mfukoni mwake akiendesha bodaboda. Kumwambia niliona haya.

Leo nikisugua sufuria za Sabato niliichukua hiyo vepu, nikatoa betri, nikasugua shaba ya kitufe kwa majivu na ndimu, nikaikausha. Akanikuta.

"Moraa! Hiyo nayo ni sufuria?"

"Itakulipukia, Kaka. Afadhali uache kuvuta tu."

Nilidhani atafoka. Alibonyeza kitufe, kikarudi chenyewe. Akatabasamu, halafu akanisogezea betri.

"Betri kaa nayo mpaka Sabato iishe. Nione kama nitaweza kukaa bila kuvuta."

Nimeifungia kwenye sanduku langu la shule. Mikono bado inanuka ndimu. Kaka amelala, mfuko wake mtupu.