Tisa Kamili

Thika, 3 Machi 2025

Kwa baba Githae,

Salamu kutoka kwa tata yako, mama yako mkubwa. U mzima? Kile kifua cha Januari kimepoa? Sisi huku hatujambo, ila goti langu, nalo nimeshalizoea.

Nimeambiwa kwamba pale Kamakis, mkila nyama na binamu zako, ulisema kitabu cha familia kinachapwa na mwanamke wa enzi ya taipureta. Asante sana. Mwanamke huyo amechapa tasnifu za watu ambao leo wanaitwa daktari, na hakuna hata mmoja aliyerudi dukani kulia. Miaka thelathini na moja nina duka la kuchapa hapa karibu na soko. Kaka yangu Kinyanjui, mwenyekiti wa kamati ya kitabu, alinipa mimi kazi hii. Hakukupa wewe.

Hata hivyo, flash imo ndani ya bahasha. Kitabu kimefika kurasa 412 na picha zimeanza kuhama. Babu yako nilimweka ukurasa wa tatu, nikifungua kesho yake namkuta wa nne, kichwa kimekatwa. Nirekebishie hilo tu, usiguse kingine. Na unijibu kwa barua, maana lile kundi la WhatsApp la familia nilitoka na sirudi.

Tata yako,
Wakonyo

Ruiru, 11 Machi 2025

Kwa tata,

Sijambo, kifua kimepoa. Habari ya goti?

Nimefungua flash. Ilibidi nisimame kwanza nichemshe chai. Nimekuta faili nne: MWISHO, MWISHO KABISA, MWISHO KWELI na TUMIA HII. Yaliyomo umeyachapa kwa mkono, nukta moja moja hadi ukingoni. Na picha hazihami zenyewe, tata. Umezisukuma chini kwa kubonyeza Enter mara arobaini, basi ukiongeza mstari mmoja huku juu, zote zinateremka. Word ina njia ya kufanya haya yote na hujawahi kuigusa. Miaka thelathini na moja una gari, na unalisukuma.

Kitabu kirefu namna hii kinataka programu ya vitabu. Kazini ripoti za wahandisi tunaziandika kwa LaTeX. Unaandika maneno yako, unaweka alama kwamba hapa ni sura, huyu ni mtoto wa fulani, basi. Kuhesabu, kupanga kurasa, kutengeneza yaliyomo, hiyo ni kazi ya mashine. Nimehamisha sura tatu za kwanza. Karatasi hizo hapo, ujionee.

Jambo moja. Kwenye watoto wa babu naona tisa, wa mwisho mjomba Kagwe. Mama hayupo. Nadhani ulisahau.

Mwanao,
Githae

Thika, 2 Aprili 2025

Kwa baba Githae,

Goti linakusalimu. Umeshindaje na hii baridi?

Karatasi nimezipata. Ni nzuri, kwa mtu anayetaka ukoo wake ufanane na maelezo ya pampu ya maji. Dorine, mama ninayefanya naye kazi hapa dukani, alihangaika na programu yako asubuhi nzima. Unaandika mabano na alama za ajabu bila kuona ukurasa, halafu unaipika ndipo ujue umepata nini. Alisahau bano moja sura ya pili, kitabu kizima kikagoma na kutukana kwa Kiingereza ambacho hata Waingereza hawakijui. Mtu anayepika bila kufunua sufuria asije kunifundisha jiko.

Kuhusu mama yako. Kuanzia ukurasa wa 61 kila mtu ana namba yake, na zote nimezichapa kwa vidole hivi. Kumwingiza mtu mmoja sasa ni kubadilisha mamia ya namba. Mchapishaji anataka kazi Julai, na macho yangu yana miaka sitini na tatu. Haiwezekani, baba.

Tata yako,
Wakonyo

Ruiru, 9 Aprili 2025

Tata,

Leo sikuulizi goti.

Nimemwingiza mama. Ilichukua dakika mbili, na moja nilikuwa nakohoa. Tazama mwenyewe: 10. Ngina. Chini yake mimi. Na hata kwa vidole vyako ingekuwa mstari mmoja. Mama ni kitinda mimba. Akiongezwa mwishoni, ni namba ya nani inayobadilika? Ulitafuta uongo, ukapata mbovu, ukamletea mtu ambaye hii ndiyo kazi yake.

Babu alipoanza kusahau majina yenu, nyote mlikuwa na shughuli. Aliyemwosha na kumlisha ni mama. Nusu ya majina ya sura ya kwanza yametoka kwenye daftari lake la kijani, nimeyatambua. Daftari limo kitabuni, mwenyewe hayumo, kwa sababu hakuolewa. Alikufa miaka sita iliyopita na bado mnamwonea haya.

Wewe huniita baba kwa kuwa nina jina la baba yako. Nani alinipa hilo jina?

Usinitumie flash nyingine.

Githae, mwana wa Ngina

Thika, 20 Mei 2025

Kwa baba Githae,

Natumai u mzima. Simu hushiki, nami nimekoma kupiga.

Nilimpelekea Kinyanjui karatasi zako. Alipofika kwenye ile 10 alizifunga kama aliyeona nyoka. "Ni nani amehesabu watoto wa baba hadi kumi?" Na hapo, Githae, mashine yako imekuaibisha. Wazee wetu hawakuhesabu watoto hadi kumi. Walisema kenda muiyuru, tisa kamili. Wa kumi yumo ndani ya hiyo tisa, ila namba yake haitamkwi, asije akadhurika. Kompyuta haiwezi kulaumiwa kwa kutojua. Wewe ulilelewa na mama yako, ulipaswa kujua.

Lakini nikijificha nyuma ya mila nitakuwa naongeza uongo wa pili. Mama yako alikuwemo kwenye nakala ya kwanza. Kinyanjui aliniambia, "Mtoe huyo, watu wa kanisa watasoma." Nikamtoa. Nilimfuta kwa kidole kimoja, nikaenda kunywa chai. Dada yangu, tuliyelala kitanda kimoja hadi siku niliyoolewa. Naona aibu, na aibu hii hainiachi hata nikiwa kazini.

Tata yako,
Wakonyo

Thika, 31 Agosti 2025

Kwa baba Githae,

Hukujibu, na jana hukuja kwenye uzinduzi wa kitabu. Natumai si ugonjwa, ni hasira tu. Hasira naielewa.

Kitabu ndicho hiki. Nimekichapa kwa Word, kwa mkono, kama mshenzi, hadi ukurasa wa mwisho. Kinyanjui aliniuliza Julai, "Watoto umewaandikaje?" Nikamwambia, "Tisa kamili, kama wazee." Akafurahi. Hakuomba kuona. Mtu mwenye dharau hasomi, anatia sahihi.

Jana, nyumbani Gatuanyaga, watu wamejaa hadi kwenye zizi, Kinyanjui alisimama na miwani yake kusoma watoto wa baba kwa sauti. Akaanza na jina lake mwenyewe, akalirudia. Akafika 9, Kagwe. Akafunua ukurasa. Hapo nilikuwa nimechapa hivi:

9 kamili. Ngina, aliyemtunza baba hadi mwisho. Mwanawe ni Githae.

Akaniangalia. Nami nikamwangalia. Ili amkatae ilibidi aseme mbele ya nyumba nzima kwamba huyo ni wa kumi, na neno hilo hawezi kulitoa kinywani akizungumzia watoto wa baba yake. Alikohoa, akasoma. Wavinya, mke wa Kagwe, akapiga vigelegele, na wengine wakafuata.

Hiyo programu yako ya wahandisi ingemwandika 10 na angefukuzwa tena. Kula hiyo.

Tata yako,
Wakonyo

Ruiru, 5 Septemba 2025

Kwa tata,

Habari ya goti? Mimi sijambo, ilikuwa hasira tu.

Kwanza, usijidanganye. LaTeX ingeandika "9 kamili" kwa mstari mmoja. Ila mimi nisingejua kuiagiza, hilo nakupa.

Pili, hiki kitabu ni aibu. Babu bado hana kichwa. Sura ya tano ina namba mbili tofauti. Kagwe amezaliwa baada ya mwanawe wa kwanza. Na yaliyomo yako, nukta moja moja hadi ukingoni, yanasema watoto wa mwisho wa babu wako ukurasa wa 61. Nilifungua 61 nikakuta mbuzi wa ruracio, wale wa mahari. Nikafungua 62, hakuna. Nikadhani umenidanganya tena.

Yuko 63. Nimemkuta.

Jumamosi nakuja na kompyuta, tuanze toleo la pili. Tutagombana. Mwambie Dorine aweke chai.

Baba yako,
Githae