Njia Niliyoifunga kwa Mdomo Wangu

Jumamosi, mwezi wa saba. Bunia imeamka na ukungu, maji ya mvua ya jana bado yamekaa kwenye mashimo ya barabara, na mimi sina amani.

Leo ilipaswa kuwa siku ya furaha. Shule zimefunga, na nilikuwa nimekata shauri kwamba Jumanne naenda kijijini kwa Mama Mukubwa, dada wa mama yangu, aliyenilea tangu nikiwa na miaka minne. Sijamwona kwa miaka mitatu. Ni pikipiki hadi Kilo, halafu nusu siku kwa miguu, mito miwili na mlima. Huko ukitaka kupiga simu unapanda kilimani kutafuta rezo, yaani mtandao, na siku nyingine unashuka bila kumpata mtu.

Binti yake, Charlotte, alifika jana ili tupande pamoja. Asubuhi hii tulikuwa tunafunga mizigo: chumvi, sabuni, sukari, blanketi. Nikamwonyesha kitenge nilichomnunulia Mama Mukubwa, nikauliza kama atayapenda maua yake.

Akakipapasa, akatabasamu. "Atakipenda. Lakini umuonyeshe upande ya kushoto. Jicho yake ya kuume ilikufa."

Nilidhani sikusikia vizuri.

Akanieleza bila hasira yoyote, kama mtu anayesimulia habari ya ukame. Kabla ya Pasaka alikuwa amenipigia simu. Naikumbuka simu ile. Alisema Mama anaumwa jicho, niende tusaidiane kumleta Bunia kwa daktari. Nikamjibu kwamba njia ni mbaya, wasitoke kabisa.

Njia haikuwa mbaya.

Wiki zile vita vilikuwa vimetulia. Pikipiki zilipanda Kilo na kurudi, hata mwalimu mwenzangu alikwenda kuzika akarudi salama. Nilijua yote hayo. Ila marafiki tulikuwa tumepanga kushuka Kasenyi kula samaki wabichi kando ya ziwa, na nguo nilikuwa nimeshashona. Jicho nililifikiria vumbi tu. Nikasema neno ambalo hapa kwetu hakuna anayelidai ushahidi. Tumezika watu wengi mno. Ukisema njia ni mbaya, nani atakuuliza mara ya pili?

Nilijificha nyuma ya vita vilivyoua watu wa kweli. Halafu nikashuka Kasenyi, nikala, nikapiga picha.

"Tulikuwa tumeshatengeneza kipoyi, kitanda ya kubebea mugonjwa," Charlotte aliendelea. "Banaume bane balikuwa tayari kumubeba mupaka Kilo. Mama akakatala. Akasema, mwalimu wetu iko Bunia, anajua habari. Afazali nipoteze jicho, kuliko batoto ya batu bakufe mu njia."

Wakangoja wiki tatu. Walipomfikisha kituo cha afya, muuguzi akawaambia wamechelewa. Mama akawakataza wasinipashe habari. Alisema nitalia, na mtu anayelia hawezi kufundisha.

Ningeweza kunyamaza. Charlotte hakunishuku hata kidogo. Nimeandika katika shajara hii mara nyingi kuhusu ukweli, na kwa dakika nzima nilitafuta jinsi ya kufunga mfuko wa chumvi na kuzungumzia jambo lingine.

Kisha nikakaa sakafuni.

"Charlotte, njia ilikuwa wazi. Nilikudanganya. Nilikwenda Kasenyi kutembea."

Alifunga kilemba chake, akatoka uani. Nikamsikia akiosha masufuria ambayo niliyaosha mwenyewe asubuhi. Aliyasugua muda mrefu sana.

Aliporudi hakunitazama. "Mimi sitamwambia Mama. Weye utamwambia na kinywa yako. Na siku ya kwenda, usianze tena kusema njia iko mubaya."

Mchana alikula nje, peke yake. Sahani yangu niliirudisha jikoni kama nilivyoipakua.

Sasa niandike na hili, maana bila hili shajara hii ni uongo mwingine. Saa kumi nilifungua redio. Nilijiambia nataka tu kujua hali ya usalama. Mtangazaji akasema upande wa Kilo ni shwari, magari na pikipiki zinapita. Nilikuwa nimeketi pale, Mungu anisamehe, nikitamani aseme vingine.

Hapo ndipo nilipojiogopa.

Nimeizima redio, nimetoka uani. Charlotte alikuwa anachambua maharage. Nimemwambia tusingoje Jumanne, tuondoke kesho alfajiri, hata kama misa itatupita, kabla sijapata sababu ya kubaki.

Ameendelea kuchambua. Nilipogeuka kuingia ndani ndipo akasema, kwa sauti ndogo:

"Viatu yako ile haitaweza mulima. Nitakuazima zangu."