Onyo Ambalo Muuguzi Hakuliona

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla sijatamka mezani pa mama mkwe maneno nitakayoyajutia.

Mimi ni karani wa zahanati, tunatumia programu huria ya kutunza kadi za wagonjwa, ile ya bure ambayo yeyote anaweza kupendekeza masahihisho ya mwongozo wake mtandaoni, na nikitoka kazini huwa nanyoosha mpangilio wake, maana namba za hatua zinaanza upya kwenye moja kila baada ya picha na majedwali yameporomoka, na tarehe tatu nikagundua kwamba kwenye ukurasa wa kufuta kadi za zamani kuna alama ya mpangilio haikufungwa, hivyo onyo la "Hifadhi nakala kwanza" limeandikwa lakini msomaji halioni, nikarekebisha, nikatuma. Anayepokea masahihisho ni shemeji yangu, mdogo wa mume wangu. Akayakataa. "Shemeji, hayo mapambo," akacheka. "Mimi najenga nyumba, wewe unanitandikia vitambaa!"

Wiki iliyopita wifi yangu, muuguzi wa zahanati nyingine, dada wa shemeji huyohuyo, tumbo moja, akafuata ukurasa ule na kadi zote za chanjo za watoto zikafutika, ameitwa kikaoni mwisho wa mwezi na huenda akafukuzwa, na kaka yake anakula naye meza moja akisema, "Asiyejua kusoma asiguse kompyuta," na mama mkwe ananibana jikoni, "Mwanangu, ya ndani yaishie ndani." Nikisema, nimemwaibisha shemeji. Nikinyamaza, wifi hana kazi. Nifanyeje?

Karani Mwenye Donge

Karani, donge lako ni la haki. Mtu akatae kufukia shimo, kisha amcheke aliyetumbukia, tena damu yake! Mama mkwe mpe heshima yake, lakini ya ndani yameshatoka nje: watoto wa watu hawana kadi.

Ila na wewe sikuachi. Kwa kuwa mambo hayo yako wazi kwa wote, nimeyatazama masahihisho yako. Umefunga bunda moja: nukta, nafasi, vichwa, majedwali ya mwongozo mzima, na onyo limebanwa katikati kama sindano kwenye gunia la pamba. Ukaliita "Usafi wa jumla". Usafi wa jumla, mama! Hilo halimwoshi shemeji yako, kwani kusoma ndiyo kazi aliyojitwika. Lakini umemwachia mlango wa kutorokea.

Sasa tuma sahihisho la onyo peke yake, na kichwa kisemacho: onyo halionekani, watu wanapoteza kadi. Weka picha ya ukurasa ulivyo na unavyopaswa kuwa. Usimnong'oneze mezani, andika palepale penye macho ya wote, na akikataa waite wenzake wanaotunza programu hiyo. Kisha mwambie uso kwa uso kwamba kikaoni utakwenda na wifi yako, na kiti cha pili ni chake. Asipokuja, fungua ukurasa wa zamani mbele ya wakubwa, waonyeshe onyo lililofichika machoni pa wifi yako, kisha ukae. Matusi ya nini?

Lakini anza na sahihisho, leo. Unaposoma gazeti hili, yupo muuguzi mwingine ameufungua ukurasa ule, na kidole chake kiko juu ya kitufe.