Miaka Miwili ya "Nilikuwa Nyumbani"

Jumatatu, 4 Machi
Akili ameziweka wapi mjukuu wangu huyu? Anaomba kazi ya kuhudumia wagonjwa kwenye nyumba ya wazee. Na kwenye wasifu wake, miaka miwili mizima kaijaza kwa maneno mawili: "Nilikuwa nyumbani." Kama paka! Nani alimgeuza marehemu babu yake kila baada ya saa mbili, upande mmoja umepooza? Nani alimlisha uji kwa kijiko, akingoja ameze? Eti haikuwa kazi, hakulipwa. Nikamwambia futa. Kanuna.

Jumanne, 5 Machi
Kaandika upya. "Mhudumu wa mgonjwa wa kiharusi, miaka miwili, bila malipo." Kuosha, kugeuza, dawa kwa saa zake. Nikataka nisomewe mara tatu. Nikamwona mzee wangu mle ndani. Nikasingizia haja, nikaenda chooni.
Halafu kuna mahali pa kutaja msimamizi wa kazi. Anauliza aandike nani. Mimi, nani mwingine! Nani alikuwa akisimama pale mlangoni kugomba?

Alhamisi, 7 Machi
Matroni wa nyumba ya wazee kapiga simu. Kwangu mimi! Kauliza yule binti ni nani wangu. Nikasema mke mwenzangu — mjukuu si mke wa babu yake? Kacheka. Kisha akataka kasoro zake. Nikazimwaga zote: anakawia kuamka, ananuna, chumvi ya mboga hajui kukadiria. Mjukuu pembeni kajishika kichwa.
Matroni akauliza, mgonjwa alipata vidonda vya kulala vingapi?
"Hata kimoja," nikasema. "Miaka miwili. Waulize walioosha maiti yake."
Akasema binti aje Jumatatu asubuhi. Watampa mtu mzito asiyejiweza, amgeuze mbele yao. Akiweza, kazi yake.

Ijumaa, 8 Machi
Chakula hagusi. Eti tangu babu aondoke mikono imesahau. Eti akimshika mgonjwa mwingine atalia mbele za watu. Haendi.
Sikumbembeleza, si kazi yangu. Kilo tisini nilizo nazo ni za nini? Nimepanda kitanda cha mzee, nimelegeza upande mmoja. Naandika haya chali, kalamu inagoma. Yeye kasimama mlangoni, analia.
Nimemwambia: "Mke mwenzangu, nawa mikono, uje unigeuze."