Soksi za Kufungia Mapanga

Adrian,

Uji uko kwenye chupa. Nimetangulia shambani, funguo muachie jirani.

Droni umeipakia mapanga yake ya kurukia yakiwa bado yamefungwa. Kurusha unajua, kufunga begi hujui. Kwa mashimo ya barabara ya Mang'ola yangefika yamevunjika, na maharusi wangekosa video. Nimeyafungua yote manne nikayatia kwenye soksi za baba yako, mawili kila mguu. Begi lipakate, wasilifunge nyuma ya bodaboda.

Jana ndugu walipogawana nguo za marehemu, hizo soksi zilikuwa bado kwenye kamba. Hakuna aliyeziona. Leo asubuhi nimezianua, nikakaa nazo tu. Hata machozi hayakuja. Ndipo nikaona begi lako.

Ukimaliza harusi, soksi ~~baki nazo~~ nirudishie. Zote mbili.

Mama