Zimwi Linalonyonyesha

Jumatatu, 3 Machi

Nimerudi. Mgongo si wangu. Nimemkuta Kibonge mapajani kwa mama mkwe, ananinusa kabla hata sijavua viatu. Amenyonya mpaka akalala na ziwa mdomoni.

Mama mkwe anasema nanuka mbuzi. Si mbuzi, mama, ni zimwi! Yale manyoya ni ya plastiki, lakini yakilowa jasho yananuka mnyama wa kweli.

Siku ya kwanza ndani ya vazi zima, kichwa na mkia. Bado siamini. Mimi niliajiriwa kufua na kupiga pasi nguo za waigizaji, basi. Yule mcheza dansi aliyepimiwa zimwi akateguka mguu. Wakawa wanatafuta mtu mfupi mwenye mabega. Fundi wa mavazi akaniangalia juu mpaka chini, pasi bado iko mkononi. Wewe, hebu ingia humu. Nikaingia. Likanikaa kama nilipimiwa mimi!

Kumbe mabega haya niliyokuwa nikitaniwa nayo shuleni yana kazi yake.

Jumatano, 5 Machi

Kila mtu pale ghalani tunapopigia filamu amesoma kitabu ilikotoka isipokuwa zimwi lenyewe. Aibu. Ni kinene kama tofali na mimi kusoma kwangu ni kwa kidole. Baba Kibonge ananisomea akitoka kwenye mikate, unga bado uko kwenye nyusi.

Hadithi ni hivi. Kijiji kimekauka. Msichana anakwenda peke yake kwenye kisima kinacholindwa na zimwi. Zimwi linamtisha, linamtesa, halafu mwishoni linajitumbukiza kisimani, linakufa, maji yanapanda. Watu wamelilia ukurasa huo miaka na miaka. Baba Kibonge naye kalia! Anasingizia unga.

Ndani ya vazi sioni kitu. Kuna tundu shingoni, naona sakafu na viatu vya watu. Mwili naufanya mimi. Macho na mdomo wa zimwi vinaendeshwa kwa mbali na bwana mmoja mnene, tunamwita Rimoti. Yeye ndiye ananisemesha sikioni. Mama Kibonge, kulia kidogo, kuna waya. Mama Kibonge, umemkanyaga mwongozaji. Tuko watu wawili zimwi moja. Nikigeuka kabla yake, zimwi linaonekana limelewa.

Ijumaa, 7 Machi

Nimechoka hadi kucha. Joto. Feni ya kichwani imekufa, wakanimiminia maji kwa mrija kupitia shingoni kama gari.

Kazi ya kutwa – kunguruma na kumfukuza Nyota kuzunguka kisima. Nyota ndiye msichana wa hadithi, ana miaka minane. Anacheka nikiwa nimevaa, ananiogopa nikiwa nimevua! Anasema bila manyoya sura yangu ni ya mwalimu.

Kibonge kang'ata leo. Meno mawili ya juu yametoka. Nimepiga kelele, yeye kacheka.

Jumanne, 11 Machi

Sijui niandikeje.

Leo Mwandishi kaja. Mwenye kitabu mwenyewe. Mama mtu mzima, mkimya, kakaa kwenye kiti cha turubai mkoba mapajani. Watu wanatembea kwa vidole. Ilikuwa ile sehemu ya Nyota kuanguka mbele ya zimwi na kulia, na zimwi linasimama tu, linamtazama. Ndivyo kilivyo kitabu. Linamtazama, halafu linakwenda zake.

Tukarudia na kurudia. Mara taa, mara kivuli, mara nzi. Mtoto kachoka, anataka mama yake, mama yake kaenda kununua dawa ya mafua. Basi ile mara ya mwisho hakuigiza. Alilia kweli. Kile kilio cha kukatika pumzi, nakijua.

Na mimi maziwa yakashuka. Humo humo ndani! Yakatiririka mpaka tumboni, moto. Sikufikiri. Mikono ya zimwi ikamwokota, ikamweka kifuani, nikaanza kuyumba – hivi kama namlaza Kibonge, na kupigapiga mgongo. Ile kucha kubwa ya mpira inapigapiga mgongo.

 Rimoti akayafumba macho ya zimwi, taratibu. Wanasema ilionekana hivyo.

Nyota akanyamaza.  Nikangoja nifukuzwe.

Mwongozaji hakusema kata. Alisema, tena kwa sauti ndogo, kamera ziliendelea? Ziliendelea.

Mwandishi kasimama, kasema zimwi langu halibembelezi watoto. Akaondoka na mkoba wake.

Jumatano, 12 Machi

Fundi wa mavazi kafungua vazi asubuhi, kakuta sponji ya kifuani imechacha. Akaita watu! Jamani njooni, zimwi linanyonyesha! Ghala zima limecheka, na mimi nimecheka, nifanyeje. Sasa salamu ni hiyo – shikamoo zimwi, maziwa yapo? Rimoti kaja na kikombe cha chai ya rangi, kasimama mbele yangu kakinyoosha. Mshenzi yule!

Fundi mwenyewe lakini kanishonea vitambaa vya kuweka kifuani. Kanipa pembeni.

Alhamisi, 13 Machi

Mwandishi karudi. Kanifuata kwenye chumba cha kufulia. Nikamwamkia, nikafuta kiti. Hakukaa.

Kaniuliza kwa nini nilifanya vile. Nikasema alikuwa analia, mama.

Akaangalia pasi yangu. Nikadhani hakusikia, nikarudia. Akasema nimesikia. Halafu akasema umekiua kifo changu, wewe binti. Wameniambia jana. Zimwi halifi tena.

Sikuelewa. Kaniambia walikaa kikao baada ya kuangalia ile picha. Wakasema hii ni filamu ya familia, na zimwi lililombeba mtoto vile haliwezi kuzamishwa kisimani mbele ya watoto, watatoka ukumbini wanagaragara. Kwa hiyo maji yanapanda na zimwi linabaki hai. Linampeleka msichana nyumbani kwao, kupitia milimani.

Nikamwambia pole. Ilinitoka tu, kama msibani. Kacheka kidogo, kwa mara ya kwanza. Kauliza wangu ana umri gani. Miezi tisa, nikasema. Kasema yeye alikiandika kile kitabu wanawe wakiwa wadogo, mlango umefungwa, wao wako nje wanagonga.  Kachukua mkoba.

Zimwi linaishi! Nimefurahi kama nimepona mimi.

Ijumaa, 14 Machi

Furaha fupi. Milimani ni kweli milimani. Wiki tatu, mbali, baridi, mahema. Tunaondoka Jumatatu ya tarehe ishirini na nne.

Nilimwuliza Meneja anayetupangia safari kama naweza kwenda na mtoto na mama mkwe. Ni mwanamke, nikasema ataelewa. Kaelewa. Kasema dada, ningekuwa na uwezo… Daktari wao kakataza mtoto mchanga kule juu, bima nayo haitaki. Gari limepangwa. Kuna kiti cha zimwi na kiti cha kichwa cha zimwi.

Nikauliza, kichwa kina kiti?

Kina kiti. Hakiwezi kukunjwa.

Jumapili, 16 Machi

Tumeongea, mimi na Baba Kibonge, tukianua nguo. Kasema nenda. Kasema hii haiji mara mbili, jina lako litaandikwa kwenye skrini, na wakitengeneza ya pili zimwi ni wewe. Utakuwa unafua nguo za watu mpaka lini?

Nikamwuliza, wewe unataka niende?

Kasema nimekwambia nenda, usiniulize ninachotaka. Akaendelea kukunja nepi. Anakunja vibaya, hajawahi kujifunza. Nikamwacha azikunje hivyo hivyo.

Kibonge hataki chupa. Hajawahi kuitaka. Hapo ndipo kazi ilipo – kuachishwa ziwa ndani ya wiki moja, mtoto anayelala na ziwa kama funguo mkononi.

Jumatatu, 17 Machi

Wamejaribu mtu mwingine ndani ya vazi. Mimi mwenyewe niliomba! Nilimwambia Meneja, tafuteni mwingine wa milimani, mimi nitafua. Wakamleta mcheza sarakasi, mzuri, anaruka. Nikamwonyesha namna ya kubeba. Mkono huu chini, huu mgongoni, usimkaze.

Kambeba Nyota kama gunia la saruji. Rimoti kafanya macho ya zimwi yazunguke, watu wakaangua kicheko. Nyota akashuka, akasema huyu si zimwi langu. Akaja kunishika sketi, mimi na ndoo yangu ya sabuni.

Mwongozaji kaniangalia. Hakunilazimisha. Kasema tu, Mama Kibonge, nijibu kabla ya wikiendi, tafadhali.

Mtu mzima kuniambia tafadhali.

Jumatano, 19 Machi

Kikombe kimemwagwa. Uji umetemwa. Kijiko kimerushwa chini ya kitanda. Nimefunga kifua kwa khanga, kimekuwa mawe. Homa kidogo.

Mama mkwe kasema paka shubiri, wote wangu niliwaachisha hivyo, siku moja tu. Nikapaka. Nikaonja mwenyewe kwanza – Mungu wangu!

Kibonge kaja mbio kwa magoti. Kaweka mdomo. Katoa. Kaniangalia kama nimemtukana mbele za watu. Uso ukakunjamana, mama mkwe kanikonyeza, nikajua sasa ataacha.

Halafu kapangusa kwa kiganja, kakunja uso, karudi kunyonya. Na uchungu wake! Machozi yanamtoka na ananyonya.

Mama mkwe kacheka hadi kajifuta macho. Kasema huyu kafanana na babu yake, hakati tamaa hata kwa dawa ya minyoo. Mimi sikuweza kucheka. Nimekwenda kuosha.

Alhamisi, 20 Machi

Nimemjibu mwongozaji. Nimesema nitakwenda. Sauti ilitoka kama ya mtu mwingine. Kanishika mkono kwa mikono yote miwili. Nyota kanikumbatia nikiwa bila manyoya – mara ya kwanza.

Kwenye ngazi nimekutana na Mwandishi. Kashaambiwa. Kaniambia vaa soksi mbili mbili kule. Basi.

Nikitaka kesho naweza kukataa. Najiambia hivyo ili nipate usingizi.

Jumamosi, 22 Machi

Nimejificha kwa jirani asubuhi yote ili Kibonge ajaribiwe kikombe bila mimi. Mama mkwe anasema nikiwepo hawezi, ananusa. Nimekaa kwenye stuli jikoni kwa watu, nachambua mchele usio wangu, nasikiliza ukutani. Kalia. Kalia sana. Ukuta mwembamba huu. Jirani kaongeza redio kwa huruma. Nikamwomba apunguze.

Kilio kikakatika. Nikaacha mchele.

Baba Kibonge kaja kuniita. Kasema kanywa nusu kikombe, kwake yeye, kwa mkono wake. Uso wake umejaa fahari na maziwa ya unga. Nilisema hongera. Nilimaanisha. Nilikuwa nataka pia nimpige.

Jana mchana kutwa sikumnyonyesha. Leo pia. Asubuhi tu na akilala. Kesho nitaacha hata hiyo.

Jumapili, 23 Machi

Sijaacha. Asubuhi nilimnyonyesha. Nikasema ni ya mwisho. Alipotaka kulala nikamnyonyesha tena.

Begi liko tayari. Soksi mbili mbili. Mama mkwe kaniambia mwanangu, mimi siku niliyomwachisha mumeo nilishinda nimesimama uani, hata sijui nilikuwa nafanya nini. Nikamwuliza, ulijuta? Kasema aa, nilikuwa na mwingine tumboni, majuto yatakaa wapi. Tukacheka wote wawili. Kanisukia nywele bapa, ili kichwa cha zimwi kisibane.

Nitarudi, wiki tatu ni tatu tu. Ataniona kwenye filamu akiwa mkubwa. Nitamwambia, yule anayembeba mtoto ni mama yako. Atakataa. Nitamwonyesha mabega.

Jumatatu, 24 Machi

Gari limefika mapema. Rimoti yuko mbele, kichwa cha zimwi nyuma kimefungwa mkanda. Watoto wa mtaa wote wamezunguka dirisha. Dereva kasema hakuna haraka, halafu kapiga honi.

Naandika nimekaa kitandani. Nimeomba muda nivae viatu.

Asubuhi sikumpa. Nimeweza. Mama mkwe kampakata pale mkekani, kampa kikombe. Kakipokea kwa mikono miwili. Kanywa chote, mpaka chini, kisha akageuza kikombe akachungulia ndani kama kuna mtu. Watu wakapiga makofi. Baba Kibonge kambusu utosini.

Hakunitafuta. Nilikuwa nimesimama hapo hapo, hatua chache, hakugeuza hata shingo.

Ndicho nilichokuwa nakiomba wiki nzima. Nilisema ahsante Mungu, kwa sauti, ili wasikie.

Kifua kinauma mpaka kwapani. Baba Kibonge kachukua begi kapeleka garini. Namsikia anacheka na Rimoti. Meneja amepiga simu, mama mkwe kapokea, kasema anakuja huyo, anafunga kamba za viatu.

Honi tena. Kibonge kaisikia, kageukia mlango huu. Kaacha kikombe. Anakuja kwa magoti, hana haraka, anacheka, meno yote manne.

Kiatu kimoja kiko mguuni. Cha pili nimekishika. Na kifungo cha juu cha blauzi, sijui saa ngapi nimekifungua.