Twende Kilioni

Jumapili, 4 Mei

Mama Chiriku,

Kichwa cha mtoto mmoja kimenishinda! Mimi fundi bomba, nafungua koki zilizoota kutu, lakini nywele za binti yako zimenitoa jasho. Njia niliyochora kwa kitana imepinda. Chiriku akajitazama kwenye kioo, akauliza kama nimemaliza au ndiyo kwanza naanza. Nikafumua misuko yote.

Mdogo wako alikuja jioni. Akacheka, kisha akaacha kucheka. Tangu tukuzike anasema mtoto wa kike anahitaji mikono ya mwanamke. Jumamosi atakuja na begi amchukue akakae kwake. Nikamwambia aje, lakini kabla ya kumchukua atazame kwanza kichwa nitakachokuwa nimekisuka. Ulimi huu sijui nimeutoa wapi.

Jumanne, 6 Mei

Nimefunga nyuzi kwenye mpini wa ufagio, najifunzia hapo. Ufagio haulii, angalau.

Msusi wa jirani alinitazama nikivuta, akashindwa kuvumilia. "Baba Chiriku, hapo hakuna maji yanayovuja. Legeza!"

Nililegeza. Msuko ukafumuka wote. Basi tena.

Alhamisi, 8 Mei

Msusi ananishauri nianze na mtindo mwepesi kuliko yote — misuko minne inayorudi nyuma. Unaitwa twende kilioni. Nikasema mtindo wowote ila huo. Kilioni nimeshakwenda, jina hilo silitaki nyumbani kwangu.

Chiriku akanishangaa. "Mama alinisuka hiyo tukichelewa shule. Sisi tuliita twende mbio."

Sikujua. Asubuhi zote hizo mimi nilikuwa kazini, chini ya sinki la mtu.

Jumamosi, 10 Mei

Mdogo wako yuko sebuleni na begi lake. Sisi chumbani tangu asubuhi. Msuko mmoja mnene, mmoja mwembamba, wa tatu umejaribu. Wa nne umefumuka kila niliposhika. Nikatupa kitana. Chiriku akakiokota, akanirudishia, akaenda kujionyesha hivyo hivyo! Nimebaki nimekaa kitandani, naandika.

Nasikia anamweleza mama yake mdogo kwamba huu wa nne bado unasoma.

Kicheko.

Sasa mdogo wako ananiita. "Shemeji, njoo. Uje na kitana."

Sijui anataka anifundishe au anipokonye. Naenda. Huko uliko, mke wangu, unikumbuke.